Mashine ya mkono mrefu: mwongozo wa fundi aliyelazimika kuanza upya

Siku niliyoshika mashine ya mkono mrefu, ile ya kushonea kwilti za kitanda, mara ya kwanza nilikuwa na miaka 16 kwenye cherehani, na nilishona vibaya kuliko msichana wa shule aliyekuwa amekuja tu kumsalimia nyanya yake. Yeye alishika vishikio, akazungusha mashine kama anayeandika jina lake mchangani. Mimi mikono ilitoka kwenye vishikio yenyewe, ikaenda kutafuta kitambaa ikisukume. Mwenye mashine, mwalimu mstaafu wa huku Mamboleo, Kisumu, akanipiga kakofi kadogo kiganjani. "Nyathina (mwanangu), wacha kitambaa. Kitambaa kimeshafika."

Kama wewe ni fundi, hilo ndilo utakalopigana nalo wiki za kwanza. Cherehani tuliyoizoea imekaa palepale, kitambaa ndicho kinachopita chini ya sindano. Hii ni kinyume. Kitambaa kimenyooshwa kwenye fremu ndefu, na kichwa cha mashine kimepanda kigari chenye magurudumu madogo, kinatembea juu ya reli: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Wewe unasimama, unashika vishikio viwili kama vya boda boda, unachora. Kama hujawahi kushona kabisa, usijione mnyonge. Huna cha kusahau.

Kwilti yenyewe ni matabaka matatu. Kuna uso, yaani vile vipande vyako vya kitenge ulivyounganisha kwa maua au miraba. Kuna tumbo, ambalo mimi hutumia ile faiba inayouzwa kwa mita na wauza vifaa vya kochi. Na kuna mgongo, kitambaa kizima cha chini. (Kamusi zina neno mfarishi, lakini nikienda soko la Kibuye Jumapili kuulizia mfarishi watanionyesha godoro. Tuseme kwilti.) Kazi ya mkono mrefu ni moja tu: kuyashona matabaka hayo matatu yawe kitu kimoja. Haiungi vipande, haishoni zipu, haipindi suruali. Cherehani yako ya kawaida ina nafasi ya inchi sita saba kati ya sindano na mwili wake, na ukitaka kupitisha kwilti ya kitanda hapo utakuwa kama mtu anayejaribu kuingiza godoro kwenye matatu. Mkono mrefu una inchi 18, nyingine 26 na zaidi, na ndiyo maana ukaitwa hivyo.

Usinunue. Nasema mapema kwa sababu najua watu wetu, mtu akiona kitu kizuri kesho yuko kwa chama anaomba mkopo. Mashine hii na fremu yake bei yake ni ya gari, na fremu pekee inakula futi 10 hadi 12 za chumba, bado hujaweka nafasi ya kupita mbele na nyuma. Tafuta aliye nayo umlipe kwa saa. Mwalimu wangu aliletewa yake na bintiye kutoka Marekani ndani ya kontena, na hata hiyo ilikaribia kuzikwa siku ilipofika, kwa sababu jamaa aliyekuja kuifunga aliichomeka moja kwa moja ukutani. Stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240. Moshi ulitoka, bahati ni fyuzi tu iliyoungua. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine yoyote iliyotoka huko, geuza ile bamba ya nyuma usome volti. Ikiwa ni 110 au 120, inataka transfoma ya kushusha stima, na ile transfoma iwe na nguvu inayotosha, siyo kale kadogo ka kuchaji redio.

Jambo lingine la kuangalia kabla ya kitu chochote ni kama fremu imekaa sawa. Omba fundi wa mjengo akuazime pima maji. Fremu ikiinama hata kidogo, kigari kitateleza chenyewe upande wa chini, na utashinda siku nzima ukipigana na mashine ukidhani ni mikono yako. Achilia vishikio. Kichwa kikibaki pale ulipokiacha, sawa. Kikianza safari, zungusha miguu ya fremu mpaka kitulie.

Sindano na bobini

Sindano za mashine hizi nyingi ni za mpini wa mviringo, kama za mashine za kiwandani, siyo zile za nyumbani zenye ubapa upande mmoja. Maana yake hakuna kitu kitakachokuzuia kuiweka vibaya. Mfereji mrefu wa sindano unatazama kwako, na ule mchongo mfupi uliobonyea karibu na tundu unatazama nyuma. Nilivyofundishwa: kabla ya kukaza skrubu, pitisha pini nyembamba kwenye tundu la sindano. Pini ikielekea kifuani kwako moja kwa moja, kaza. Ikielekea begani, sindano imepinda, na mashine itaruka mishono halafu uanze kulaumu uzi. Saizi ya kuanzia ni 100 au 110 (kwenye pakiti utaona 16 au 18). Badilisha sindano kila unapoanza kwilti mpya. Najua sisi mafundi tunavyotumia sindano mpaka ivunjike. Hapa usifanye hivyo, maana hii inapiga kwa kasi kupita matabaka matatu, na ikiwa butu inasukuma faiba itokeze nyuma kama mvi.

Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ndiyo itakayokutesa. Jaza uzi usilegee, ujazwe sawasawa, tia kwenye kikasha chake, halafu ukiweke kikasha kwenye kiganja kilicho wazi na uvute uzi kwenda juu taratibu. Kikasha kinatakiwa kisimame, kama mtu anayeamka usingizini bila kutoka kitandani. Kikinyanyuka kikatoka kiganjani, kimekaza mno. Kikilala tu huku uzi unatoka, kimelegea. Skrubu ndogo ya pembeni unaizungusha kidogo sana, kama mkono wa saa unavyosogea dakika tano, halafu unapima tena. Chini iwe sawa kwanza, ndipo uguse tensheni (mkazo wa uzi) ya juu. Anayecheza na zote mbili kwa pamoja hatajua ni ipi iliyomsaliti.

Kwa kujifunza, tumia uzi wa rangi mbili tofauti, mimi nilitumia mwekundu juu na mweupe chini, polista namba 40. Ukiona vidoti vyeupe vinachungulia juu, uzi wa juu umekaza mno, ulegeze. Ukigeuza mgongo ukakuta uzi mweupe umelala umenyooka kama reli ya zamani ya Kisumu na vitanzi vyekundu vinaukumbatia, uzi wa juu umelegea. Na ukikuta kwenye kona tu kuna vitanzi virefu kama kope, mara nyingi unakimbia. Punguza mwendo kwenye kona kabla hujagusa skrubu yoyote.

Tone moja la mafuta ya cherehani pale bobini inapozunguka, na brashi kuondoa vumbi la faiba, kila unapobadilisha bobini. Basi.

Kufunga kitambaa, ambako ndiko kazi iliko

Wageni wote wanaokuja pale kwa Mwalimu wanataka kushona dakika ya kwanza. Mimi, baada ya jaribio lile la kwanza, siku mbili nzima sikushona. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena. Nilikasirika, nikasema moyoni huyu mama ananitumia kama kibarua. Leo nikiona kwilti imejikunja mgongoni najua bila kuuliza kwamba aliyeifunga alikuwa na haraka.

Kipande cha kujifunzia, chukua leso. Leso moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu, na pande zake ndefu zina ukingo uliofumwa usiovutika, ambao ndio unaofaa kukaa kwenye rola. Ifue kwanza itoke wanga na ijirudi inavyotaka kujirudi. Kama unatumia kitenge, zile ncha ulizokatiwa dukani usiziamini. Pasua kwa mkono, kwa sababu pamba hupasuka kwa kufuata uzi wake, na utashangaa jinsi makasi ya muuzaji yalivyokwenda upande. Mgongo na faiba lazima vizidi uso kwa inchi 4 kila upande, yaani inchi 8 kwa urefu na 8 kwa upana. Uso wa inchi 50 kwa 32, kaliko au shuka kuukuu, unatosha kabisa juu ya leso moja.

Fremu ina rola, na rola zinazoshika mgongo zimeshonewa kipande cha turubai. Kila turubai ina alama ya kati. Kama haina, iweke kwa kalamu leo. Kunja leso mara mbili, kata kialama kidogo katikati. Kati ya leso ikutane na kati ya turubai, uso wa leso ukitazama sakafu, na piga pini kuanzia kati kwenda pembeni, pini ikifuata pini bila kuacha mlango. Upande mmoja unakaa kwenye rola ya nyuma, ile inayopokea kazi iliyokwisha, wa pili kwenye rola ya mbele tumboni kwako. Kisha viringisha kuelekea mbele huku mkono mmoja ukilainisha kitambaa, kuanzia kati kutoka nje. Kikunyanzi kimoja ukikiacha hapa kitakungoja mwishoni.

Halafu swali la kukaza. Mtu yeyote akifunga mara ya kwanza hukaza kama ngoma ya isukuti, kwa sababu inapendeza machoni. Usifanye hivyo. Kitambaa kilichokazwa hivyo kinarudi nyuma ukikifungua, na kwilti yako inajikunyata kama karatasi iliyonyeshewa. Kipimo chake ni hiki: ingiza mkono chini ya fremu, sukuma kidole juu, na kwa mkono wa pili ujaribu kukishika kidole hicho kupitia kitambaa. Ukiweza kushika ncha yake, umepatia. Ukishindwa, legeza rola jino moja.

Juu ya mgongo tandaza faiba, usiivute, ilaze tu. Sasa funga kwa lachi yake ule mwendo wa mbele na nyuma, ili mashine iweze kwenda kushoto na kulia tu, na upige bandi (mishono ya kushikilia tu) mstari mmoja ulionyooka kupitia faiba na mgongo. Mstari huo ndio rula yako. Ukingo wa juu wa uso unaulaza juu yake, kati kwa kati, na unapiga bandi tena robo inchi kutoka ukingoni. Uso uliobaki mwachie uning'inie mbele ya rola ya tumboni. Kwa anayeanza ni rahisi kuliko kuupiga pini kwenye rola yake. Mwisho ni vibanio vya pembeni vinavyoshika mgongo kushoto na kulia. Navyo pia visivute, vishike tu.

Leso yangu ya kwanza ilikuwa imeandikwa Haba na haba hujaza kibaba. Nilifunga vizuri, nikashona, nikaitoa nikiwa na furaha, kumbe maandishi yako juu chini ukilinganisha na uso. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo, angalia maandishi.

Kushona

Telemsha sindano mara moja, ipandishe, vuta uzi wa juu taratibu mpaka uzi wa bobini uchungulie juu ya kitambaa. Shika zote mbili kwa kidole, piga mishono mitatu minne midogo pale pale, kisha nenda. Usipovuta uzi wa chini juu utaacha kiota cha ndege mgongoni, na wembe wako ndio utakaokifumua.

Kama mashine ina kidhibiti cha mishono, kiweke mishono 10 au 11 kwa inchi. Kidhibiti kinasoma mwendo wa magurudumu na kupunguza au kuongeza kasi ya sindano, hivyo ukienda polepole au haraka mishono inabaki urefu mmoja. Kwa Mwalimu, hata hivyo, nilifundishwa nusu saa bila kidhibiti ili masikio yazoee mlio wa mashine. Sijui kama ningemshauri mtu mwingine hivyo. Mishono yangu ya siku ile ilikuwa mingine kama mchele, mingine kama njugu karanga.

Shika vishikio kama unavyoshika kifaranga. Miguu mbali kidogo, viatu vya chini, na mwendo utoke kiunoni, siyo kwenye kifundo cha mkono. Macho yasikae kwenye sindano. Muulize mtu yeyote wa boda pale Kondele: ukikazia macho shimo utaingia shimoni. Angalia unakokwenda, inchi mbili tatu mbele, mkono utafuata.

Mchoro wa kuanzia ni mpindo, mstari mmoja unaozunguka bila kujikata, kama Mto Nyando unavyojizungusha kwenye tambarare za Kano ukielekea ziwani. Mizunguko iachane kidole kimoja hadi viwili, usijikate, usijifungie kwenye kona. Kabla hujagusa mashine, uchore kwa penseli. Mimi nilichora nyuma ya karatasi za unga na za matangazo ya mazishi, kurasa na kurasa, bila kunyanyua penseli, kwa sababu mkono ambao haujui njia kwenye karatasi hautaijua kwenye kitambaa. Ukichoka na mpindo, jaribu herufi e na l za kuunganisha za darasa la tatu. Kila mtu anazo mkononi tayari na zinapendeza ajabu. Kuna pia njia ya kufuata mchoro wa karatasi uliotandazwa upande wa nyuma wa fremu, ukiufuata kwa taa ndogo nyekundu. Ni nzuri, lakini wakati huo huoni mishono, kwa hiyo bobini ikiisha huna habari. Iache mwezi wa pili.

Na bobini itaisha. Mimi nilishona safu nzima, futi nne, nikiimba, bila uzi wa chini. Siku hizi kila nikifika ukingoni natia mkono chini ya fremu na kupapasa. Vidole vinajua uzi upo au haupo.

Mashine ya inchi 18 haikupi inchi 18 za kushonea, kwani rola ya nyuma inanenepa kadiri kazi inavyojiviringisha. Hesabu 12 au 13 na uishie hapo. Ukimaliza eneo hilo piga bandi pembeni kushoto na kulia, ndipo uviringishe. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoharibu kwilti ya mteja: sindano juu kwanza, halafu ondoa vibanio vyote viwili, ndipo uzungushe rola. Niliondoa cha kushoto, simu ikalia, nikarudi nikazungusha. Kibanio cha kulia hakikuachia. Mgongo ulichanika urefu wa kiganja na nikanunua kitambaa kingine kwa pesa yangu. Simu sasa inakaa mkobani.

Kabla ya kuviringisha, pia chungulia chini. Makasi yangu yaliwahi kusafiri ndani ya kwilti kwa zamu nzima.

Stima ikipotea

Huku Kisumu saa kumi mawingu yakishuka unajua kinachofuata. Stima ikikatika katikati ya mzunguko, usivute mashine. Sindano inaweza kuwa imezama kitambaani, na ukivuta utaipinda au utachana. Zungusha gurudumu la mkono mpaka sindano itoke juu, vuta uzi wa kutosha, ukate, halafu chomoa waya ukutani, kwa sababu stima ikirudi hurudi na ghadhabu. Kisha chukua pini uweke pale mshono ulipoishia. Ikirudi, anzia nusu inchi nyuma ya ile pini, juu ya mishono ileile, uvute uzi wa chini kama mwanzo, na mtu asiyejua hataona ulipounganisha. Ukianzia pale pale ulipoishia, mshono utafumuka ndoo ya kwanza ya kufulia.

Ukifika mwisho, piga bandi ukingo wa chini, funga mishono, toa pini za turubai huku ukizihesabu kwenye kopo, na utandaze kwilti sakafuni mgongo juu. Kagua mgongo wote kabla hujakata chochote, maana kosa likiwepo bado una kitambaa cha ziada cha kushikilia ukirudi kwenye fremu. Ndipo ukate sawa na uso na kuzungushia utepe wa pembeni kwa cherehani yako ya kawaida. Vile vipande vya inchi 4 vinavyobaki, faiba na mgongo vikiwa vimeshikana, usivitupe wala usimpe mtoto afanyie kitanda cha mwanasesere. Vitie kwenye mfuko chini ya fremu. Kwilti ijayo, hivyo ndivyo utakavyopimia tensheni pembeni kabla sindano haijagusa kazi ya mtu.